Darsa ya Ramadhani kwa Wazazi: Kuzitambua Dalili za Dawa za Kulevya kwa Vijana Wetu

[Yafuatayo ni maandishi ya darsa iliyotolewa kwa wanajumuiya katika juma la pili la Ramadhani, baina ya sala ya alasiri na futari. Mzungumzaji ni muuguzi aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kliniki ya matibabu ya uraibu hapa Uingereza. Kwa kuwa ameeleza habari ya nyumbani kwake mwenyewe, ameomba jina lake lisitajwe. Tumeondoa marudio machache. Mengineyo tumeyaacha kama yalivyosemwa.]



Wazee wangu, dada zangu, kaka zangu na wazazi wenzangu. Nimepewa dakika arubaini, na mwadhini hamsubiri mtu, kwa hiyo nitaingia katika maudhui moja kwa moja. Sitazungumzia hukumu ya ulevi. Masheikh wetu wamekwisha ieleza, na hapana aliyemo humu asiyeijua. Nimeitwa kuzungumzia jambo dogo kuliko hilo, nalo ni gumu zaidi: mzazi atajuaje?

Wengi wetu tulikulia Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, Tanga au Dar es Salaam. Tuliiona heroini, tuliyoiita unga, ilivyoingia mitaani mwetu tangu miaka ya 1980. Tunamjua teja kwa kumtazama: kijana aliyekonda, midomo imekauka, anasinzia hali amesimama, anainama mpaka ukadhani ataanguka na asianguke. Tunaijua na nyumba yake, ambamo kwanza hupotea kijiko, kisha redio, kisha mtungi wa gesi. Picha hiyo tulipohama tulihama nayo, na hapa ndiyo inayotudanganya. Mtoto wa miaka 15 anayetumia dawa za kulevya katika nchi hii aghalabu hafanani nayo hata kidogo. Ana afya, amevaa viatu vipya, anakwenda skuli, na akikukuta sebuleni anakwamkia.

Nasema haya kwa sababu yalinipata mimi. Mwanangu ameniruhusu nieleze, na leo ni mtu mzima mwenye kazi yake. Alipokuwa na miaka 16, mimi nilikuwa nikitoka nyumbani kila asubuhi kwenda kuwahudumia watu wenye uraibu. Nilijua kuitazama mboni ya jicho, nilijua kuutazama mkono. Chumbani kwake mlikuwa na harufu ya embe, tamu, kama peremende. Nikadhani ni manukato ya vijana. Alianza kulala mchana, nikasema ni umri. Aliacha kwenda mpirani, nikafurahi kwamba atapata wakati wa kudurusu. Siku moja nikapigiwa simu kwamba ameanguka chooni skuli, moyo unamwenda mbio na hajitambui. Alikuwa amevuta sigara ya mvuke, hizi ambazo vijana huziita vepu. Aliyemuuzia alimwambia imo bangi. Haikuwamo bangi. Ilikuwamo Spice, kemikali ya kutengenezwa inayoiga bangi lakini yenye nguvu na hatari zaidi. Kazini watu walikuwa wakinipongeza kwa jicho langu kali.

Kwa hiyo tuanze na vepu. Kisheria haziuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, na tangu Juni 2025 zile za kutumia na kutupa zimepigwa marufuku kuuzwa. Bado zimo mifukoni mwa watoto. Nyingi zina nikotini tu, ambayo nayo ni uraibu, lakini mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Bath kilitangaza matokeo ya kupima vepu karibu 600 zilizochukuliwa kutoka kwa wanafunzi katika skuli 38 za England. Moja katika kila sita ilikuwa na Spice. Mtoto mwenyewe aghalabu hajui. Mzazi anayeikuta vepu katika begi asiseme, “Alhamdulillahi, ni vepu tu.” Aulize imetoka wapi, nani aliijaza, na bei yake ilikuwa kiasi gani. Kifaa kinachojazwa kwa kichupa kisicho na karatasi ya kiwandani ndicho cha kutiliwa shaka. Dalili za Spice ni mtu kuduwaa ghafla, kuwa mweupe wa uso, kutapika, moyo kwenda mbio, pengine kutetemeka kama mwenye kifafa. Na vipimo vya mkojo vya bangi vinavyouzwa madukani havioni Spice. Mtoto anaweza kupimwa akaonekana safi, nanyi mkalala usingizi wa raha.

Bangi yenyewe mnaijua harufu yake, sina haja ya kuifundisha. Ninachotaka mkijue ni kwamba bangi inayouzwa katika miji ya hapa si ile ya wazee wetu wa pwani. Imekuzwa ndani ya nyumba, chini ya taa, na imechaguliwa ili iwe na nguvu. Kwa vijana wengine huleta wasiwasi mkubwa, kushuku watu, na hata kusikia sauti ambazo hazipo. Ikiwa katika ukoo mna mtu aliyewahi kuugua maradhi ya akili, hatari hiyo ni kubwa zaidi, na ni wajibu wetu kuwaambia watoto habari hiyo badala ya kuificha kama aibu. Macho mekundu, njaa ya ghafla saa tano za usiku, dawa ya macho ya matone ambayo hakuandikiwa na daktari, ubani unaofukizwa chumbani na kijana ambaye siku zote ubani wa mama ulikuwa ukimkera: hayo ni ya kuangaliwa. Siku hizi pia bangi hutiwa katika peremende za rangirangi, zenye pakiti iliyoiga peremende za kawaida. Peremende hizo huchelewa kufanya kazi, pengine saa moja au mbili, basi mtoto hula moja, akaona haimfanyi kitu, akala tatu. Mkiikuta pakiti ya namna hiyo, iondoeni haraka. Mdogo wake wa miaka minne hataiona isipokuwa ni peremende.

Gesi ya kuchekesha nayo, vitu vile vya chuma vyenye umbo la risasi vinavyotapakaa katika maegesho ya magari asubuhi, pamoja na maputo. Tangu Novemba 2023 imo katika dawa za daraja C, na kuwa nayo kwa ajili ya kuivuta ni kosa la jinai. Vijana huiona kuwa si kitu kwa sababu ulevi wake ni wa dakika chache. Kumbe huiharibu kazi ya vitamini B12 mwilini, na mishipa ya fahamu ikikosa vitamini hiyo huanza kufa. Kijana anayelalamika ganzi au kuchomwachomwa vidole vya miguu, anayejikwaa au anayeyumba akipanda ngazi, msimpake mafuta ya habasoda mkangojea. Mpelekeni hospitali siku ile ile, na daktari aambiwe kuhusu gesi bila ya kufichwa.

Vidonge ndivyo vinavyonitisha kuliko vyote. Watoto hununua kwa simu vidonge wanavyoviita Xanax ili walale au waondoe wasiwasi wa mitihani. Dawa hiyo haitolewi na huduma ya afya ya serikali hapa. Inayouzwa mitaani mara nyingi ni ya kughushi, na aliyeitengeneza ndiye pekee anayejua alichotia. Katika miaka ya karibuni baadhi ya vidonge vya namna hii vimekutwa na nitazini, dawa za jamii ya afyuni zilizotengenezwa maabara na zenye nguvu kuishinda heroini. Kidonge kimoja kinaweza kuua. Kuna na sharubati ya kikohozi yenye kodini, inayochanganywa na soda. Tangu mwaka 2024 haipatikani bila ya cheti cha daktari, lakini makabati yetu, tuseme ukweli, yamejaa dawa za babu na bibi. Leo usiku kabla ya tarawehe fungueni makabati. Hesabuni vidonge vya maumivu, vya usingizi, na vile mlivyobaki navyo baada ya operesheni. Vya ziada virudisheni duka la dawa, watavipokea.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Mkienda kumwamsha kijana kwa daku na mkamkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, kama mtu anayegugumia maji, midomo imebadilika rangi na haamki kwa kutikiswa wala kwa kuitwa, huo si usingizi. Pigeni 999. Mlazeni kwa ubavu, msimwache peke yake, na mwambieni anayepokea simu kila mnachokijua. Wahudumu wa gari la wagonjwa hawaji kukamata mtu. Ipo dawa iitwayo naloksoni, ya kupuliziwa puani, inayoweza kuirudisha pumzi ya aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni, na vituo vya matibabu ya uraibu huitoa bila ya cheti.

Kuhusu mirungi, au miraa kwa ndugu zetu wa Kenya, najua kuna wazee humu wanaoiona kuwa ni desturi tu. Nchi hii iliipiga marufuku Juni 2014. Sitaki kubishana nanyi kuhusu desturi, ila mtoto aliyemwona ami yake amefunga shada katika gazeti hatamsikia ami huyo akizungumza juu ya bangi.

Tuje kwenye tabia, maana si kila mzazi atakuta kitu. Ugumu wake ni kwamba ujana wenyewe una dalili zinazofanana na hizi: kufunga mlango, kununa, kulala mpaka adhuhuri, kuwaona wazazi kuwa hawajui kitu. Kwa hiyo dalili moja peke yake isihesabiwe. Mimi hutazama mambo mawili. La kwanza ni badiliko lililokuja pamoja na mengine: marafiki wa zamani wametoweka wote kwa mwezi mmoja, alama za skuli zimeshuka, na pesa hazina hesabu. La pili ni kile alichokiacha. Mtoto aliyekuwa akipenda mpira, au kuchora, au kwenda kwa bibi yake kila Jumamosi, akiacha na asiweke kitu kingine mahala pake, mkae mkamwulize. Kwangu, kuuacha mpira kulikuwa ndiyo dalili, na mimi nikaipokea kama zawadi.

Ramadhani nayo hufunua na huficha. Hufunua, kwa sababu aliyezoea nikotini au bangi huzikuta siku za mwanzo za saumu kuwa nzito kupita kiasi: jasho, hasira, kutolala, kichwa kugonga. Lakini tusifanye haraka, maana asiyepata chai yake ya asubuhi naye huumwa kichwa, na asiyelala usiku hununa. Tazameni saa ya futari. Anayekula tende moja na kutoka nje kabla ya kusali, kila siku, dakika kumi, hali ya kuwa mvua inanyesha, ana kitu kinachomwita. Na Ramadhani huficha, kwa sababu ndio mwezi ambao tunawaruhusu watoto wetu kuwa nje saa nne na saa tano za usiku, tukiamini wamo msikitini. Wauzaji wanaijua ratiba yetu. Muulize kijana nani alisalisha, au usimuulize. Nenda naye tu.

Kuna na jambo jingine ambalo wazee wengi wetu hawalijui kabisa, nalo ni mtoto asiyetumia lakini anabebeshwa. Magenge ya miji mikubwa kama London, Birmingham na Liverpool huwatumia watoto kupeleka dawa za kulevya katika miji midogo na ya pwani. Huchagua watoto wasio na rekodi ya polisi, wenye adabu, wanaojua kukaa kimya; yaani watoto wetu. Huanza kwa wema. Kaka mmoja mkubwa anamnunulia chakula, kisha viatu, kisha anamwomba ampelekee kifurushi. Siku ya tatu au ya nne mtoto ananyang'anywa mzigo njiani. Wengine katika walionyang'anya wametumwa na wale wale waliompa mzigo. Sasa ana deni, na deni hilo halimalizwi.

Dalili zake ni simu ya pili, tena ya bei rahisi, inayolia muda wote na yeye hutoka nje kuipokea. Tiketi ya treni ya mji ambao hamna jamaa. Kupotea usiku mmoja au mbili na kurudi amechoka, hajaoga. Funguo za nyumba msiyoijua. Jeraha lisilo na maelezo. Vitu vya thamani. Mama mmoja aliwahi kuniambia kwamba alipoona viatu vya pauni 180 alidhani mwanawe amepata kazi, akamwombea dua. Mtoto wa namna hii msimwambie kuwa ni muuza unga. Sheria ya Utumwa Mamboleo ya mwaka 2015 inamtambua mtoto aliyetumikishwa kuwa ni mdhulumiwa, na upo utaratibu wa serikali wa kumtambua na kumsaidia, ambao huanzia kwa polisi au idara ya watoto ya baraza la mji. Si kinga ya kila kosa. Lakini anayejulikana mapema kuwa ametumikishwa ana hali nyingine mbele ya hakimu kuliko aliyenyamaziwa mpaka akakamatwa. Kwa bangi peke yake, kuuza au kusambaza kunaweza kufikia kifungo cha miaka 14.

Basi umeona, ufanye nini? Usizungumze naye akiwa amelewa, wala usiku ule ule, wala mbele ya wadogo zake. Mchukue garini. Watoto husema zaidi wakiwa hawatazamwi usoni. Mwambie ulichokiona, si unachokidhani: “Nimekuta hiki, na umeacha mpira, na nina hofu.” Kisha nyamaza. Kunyamaza huku kutakutaabisha. Mimi nilikaa kimya katika gari mpaka kioo kikafunikwa na mvuke, ndipo aliposema. Kupiga hakusaidii, na hapa kunaweza kukuletea kesi wewe. Na msiwakabidhi vipimo vya mkojo kazi ya ulezi. Mtoto anayepimwa kila wiki hujifunza kudanganya kipimo.

Msaada upo na hautozwi pesa. Daktari wenu wa mtaa ni mlango mmoja. Kila eneo lina huduma ya uraibu kwa walio chini ya miaka 18, na wanachoambiwa hukiweka siri isipokuwa mtoto akiwa hatarini. Huduma ya simu ya FRANK, 0300 123 6600, hupokea wazazi pia, na si lazima useme jina lako.

Nimeambiwa kuna muda wa maswali mawili.

[Swali kutoka upande wa akina baba: Je, si bora kumrudisha mtoto nyumbani Afrika, akakae na babu yake, ajifunze dini na adabu?]

Shukran, mzee wangu. Nilikuwa nikilingojea swali hili. Nafahamu nia yake, na wapo waliopelekwa wakafaidika, hasa waliopelekwa wakitaka wenyewe, na mzazi akafuatana nao. Lakini katika kazi yangu nimewapokea vijana wawili waliopelekwa pwani kwa ajili ya bangi wakarudi na heroini. Mtoto uliyemtoa hapa kwa hila, ukamnyang'anya pasi yake, ukamwacha kwa babu wa miaka 75 asiyejua maradhi yake, atakwenda kutafuta wenzake, na wenzake wako mtaani na unga ni rahisi. Huko pia kuna matibabu, tusidharau: Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni tangu mwaka 2011, na Zanzibar zina nyumba za kuwasaidia wanaoacha. Ila hayo ni matibabu ya heroini. Kwa nini tumpeleke mtoto mpaka ayahitaji? Na anayelazimishwa anajua kupiga simu ubalozini. Kama ni likizo, nendeni pamoja, mrudi pamoja.

[Swali kutoka upande wa akina mama: Tukiwaambia skuli au daktari, watu wa soshali hawatamchukua mtoto?]

Dada yangu, hofu hii naijua, na mimi nilikuwa nayo ingawa nafanya kazi mle mle. Mtoto hachukuliwi kwa sababu mzazi ameomba msaada. Wanachokitazama ni kama nyumba ina usalama, na mzazi aliyekuja mwenyewe kabla ya kuitwa ameonyesha sehemu kubwa ya usalama huo. Skuli ni habari nyingine kidogo. Skuli nyingi zinaweza kumfukuza mwanafunzi aliyekutwa na dawa ndani ya uwanja, kwa hiyo kabla ya kueleza yote, omba kuonyeshwa kanuni zao kwa maandishi, na uzungumze na mwalimu anayehusika na ulinzi wa watoto, si na mwalimu wa darasa ukutanapo naye getini. Ukihitaji mkalimani, omba mkalimani. Usimtumie mtoto mwenyewe kukutafsiria, wala dada yake. Mimi nipo, na kuna wenzangu wawili katika jumuiya waliokubali kufuatana na mzazi yeyote atakayetaka kwenda kwa daktari na hana wa kwenda naye. Hatutauliza zaidi ya tutakachoambiwa.

Naona vijana wanapanga tende. Namba ya simu niliyoitaja imebandikwa mlangoni kwa upande wa wanaume na upande wa wanawake, na nyuma ya karatasi nimeandika dalili za mtu aliyezidiwa. Chukueni hata kama mna yakini hamtaihitaji.